Waya Uliofukiwa Kabungu

Kabungu,
20 Novemba 1996

Shemeji Sylvanus,

Barua hii usiisome umesimama. Tafuta pa kukaa kwanza.

Alhamisi iliyopita, saa kumi jioni, radi ilipiga mlingoti wa redio ya mawasiliano ya rafiki yako. Evarist mume wangu alikuwa mezani, maikrofoni mkononi. Yuko hai, hilo ulijue mapema. Lakini mkono wa kulia umelala kuanzia begani, na maneno yanamtoka moja moja, mpaka mtu unatamani kummalizia. Hospitalini Mpanda tulikaa siku nne, wakatuambia turudi nyumbani tumkande na tuwe na subira. Mwalimu wa darasa la saba asiyeweza kushika chaki, shemeji, niambie nitakuwa na subira ya namna gani.

Redio imekufa. Kile kisanduku cha pawa saplai, kinachogeuza umeme wa jenereta uwe wa redio, kimepasuka ubavuni na kunuka hadi leo. Ndiyo maana nakuandikia kwa karatasi, sisi tuliozoea kukuita hewani kila Jumapili baada ya misa na kusikia vichekesho vyako kutoka kwako Nsemulwa, na tangu uhamie huko Tabora, kila Jumapili unayorudi nyumbani.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Unamkumbuka Machibya, yule Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake ng'ambo ya korongo. Wiki moja kabla ya radi, ng'ombe wake waliingia shambani kwetu wakala karanga zote za upande wa chini. Yeye na Evarist walitupiana maneno mbele ya watu, wakaachana bila kupeana mikono. Asubuhi ya Alhamisi ile ile, watu watatu walimwona amesimama chini ya mlingoti anautazama juu, fimbo mkononi, muda mrefu. Jioni radi ikashuka. Kijiji kizima kinasema ilitumwa. Mwenyekiti wetu, mzee Stanslaus, anasema lisemwalo lipo, na mimi nasema kikulacho ki nguoni mwako. Mke wa Machibya, Sikujua, nimechota naye maji miaka mitatu.

Wapo waliobisha. Katekista alisema radi ni radi. Lakini Evarist mwenyewe, kwa maneno yake ya kuokoteza, ndiye aliyemaliza ubishi. Alisema radi ya Mungu isingeweza kupita pale, kwa sababu nyie wawili mlipigilia vyuma viwili ardhini, kimoja chini ya mlingoti na kingine kwenye kibanda cha jenereta, na wewe ukaviunganisha kwa ule waya bapa wa shaba aliotumiwa na rafiki yake wa Ndola. Alisema, "Kazi ya Sylvanus haina tundu." Kwa hiyo kama radi imepita kwenye kazi ya Sylvanus, basi kuna mkono wa mtu.

Mkutano wa kijiji ni Jumapili tarehe 15 Desemba. Mzee Stanslaus anataka karatasi yako wewe fundi, uandike kwamba kazi uliikamilisha, isomwe mbele ya watu. Ikisomwa, Machibya atafukuzwa Kabungu. Tafadhali usichelewe.

Ni mimi shemeji yako,
Pudensiana


Tabora,
27 Novemba 1996

Shemeji Pudensiana,

Nilikaa kama ulivyoniambia, na mpaka sasa nimekaa. Sijui nikupe pole ya namna gani. Evarist ndiye aliyesimama karibu yangu siku ya ndoa yangu, akanifunga tai kwa sababu mimi niliifunga kama kamba ya mbuzi. Mkono ule ule. Mwambie namsalimu sana.

Nimemkabidhi Eustace, yule anayefanya kazi kwenye treni, kopo la dawa ya kuchua na kilo mbili za sukari. Ataviacha dukani Majengo, pale Mpanda, kama kawaida.

Sasa hili la karatasi. Shemeji, mambo ya umeme ni marefu. Radi haina adabu, wala haisomi kazi ya fundi kabla ya kushuka. Nimeona minara ya watu wenye hela ikipigwa. Naomba uniambie kwanza: mawingu yalipojikusanya, Evarist alikuwa amechomoa waya wa antena na kuutupa nje ya dirisha, kama nilivyomfundisha? Kama hakuchomoa, basi hata Papa angekuja kubariki ile nyumba isingesaidia. Na je, kiangazi chote mlikuwa mnamwagia vile vyuma maji ya chumvi kila Jumamosi? Udongo wa Kabungu ukikauka haupitishi kitu. Haya yote yanahusika.

Mimi kazi yangu niliifanya kama ninavyoifanya siku zote. Lakini sioni haja ya karatasi ya kusomwa mkutanoni. Huyo Machibya mwacheni kwanza, Evarist apone, tutazungumza nikija. Nikija lini sijui, maana mkuu wetu wa kazi hapa ana roho ngumu kama kokwa la embe.

Kitu kimoja: ule mtaro kati ya mlingoti na kibanda cha jenereta msiuguse. Kuna hatari. Uacheni kama ulivyo.

Wako,
Sylvanus

N.B. Mtoto wa Machibya, yule wa miguu mirefu aliyetuletea maziwa tukifanya kazi, bado yupo?


Kabungu,
4 Desemba 1996

Shemeji Sylvanus,

Sukari na dawa nimepokea, Mungu akuongezee. Tumemchua kwa siku tano. Kidole gumba kimetikisika juzi, au nilitamani kitikisike, sijui.

Barua yako niliipeleka kwa mzee Stanslaus. Alipofika pale ulipoandika "kazi yangu niliifanya kama ninavyoifanya siku zote," aligonga meza. Akasema sentensi hiyo moja inatosha, hahitaji karatasi nyingine. Ameikata kwa mkasi na kuitia kwenye faili. Nilikuwa sijui barua ya mtu inaweza kukatwa namna hiyo.

Habari zimeenea kabla ya mkutano. Jumatatu vijana walikuta maksai wawili wa Machibya machungani, wale wa jembe, wakawakata mapanga miguu ya nyuma. Ilibidi wachinjwe. Watu wengi walikula ile nyama, mimi sikula. Machibya hakumshtaki mtu. Amekaa kwake na familia yake anangoja tarehe 15.

Sikujua alikuja kwangu Jumanne. Hakuingia ndani. Aliniuliza tu, "Mama, nawe unaamini?" Nikamwambia mume wangu hawezi kushika kijiko. Aliangalia ndoo zangu zilizokuwa tupu, akazichukua, akaenda kuzijaza, akaziweka mlangoni na kuondoka. Yale maji nimeyaacha mpaka leo. Siwezi kuyamwaga wala kuyapikia.

Umeuliza habari ya kuchomoa waya. Hakukuwa na dalili yoyote ya mvua. Radi ilikuja ghafla kwenye jua. Na vyuma tulivimwagia maji ya chumvi kila Jumamosi bila kukosa, tukinyimana chumvi ya mboga kwa ajili ya kunywesha chuma. Kwa hiyo upande wetu hakuna kosa, na upande wako hakuna kosa. Amebaki mmoja.

Mtoto wa maziwa yupo. Kwa nini uliuliza?

Shemeji yako,
Pudensiana


SIMU YA MAANDISHI
TABORA 9 DESEMBA 1996
KWA PUDENSIANA EVARIST KABUNGU KUPITIA POSTA MPANDA

MKUTANO USIFANYIKE. SUBIRI BARUA. EUSTACE ANAYO. SYLVANUS


Tabora,
9 Desemba 1996

Shemeji Pudensiana,

Barua hii ni ya nne. Tatu nimezichana, na zote tatu zilianza na hadithi ya kuchekesha. Hii haina.

Kwenye ule mtaro hakuna waya.

Nakuandikia pole pole ili uweze kumweleza na Evarist, ingawa yeye akisikia mstari huo mmoja atajua mengine yote. Vyuma viwili vya ethi, yaani vya kushusha umeme ardhini, lazima viunganishwe viwe kitu kimoja. Radi ikipiga mlingoti, chuma cha mlingoti hujaa umeme. Kama kimeunganishwa na kile cha jenereta, vyote hujaa pamoja na kushuka pamoja, na mtu aliyeshika redio yuko salama kwa kadiri binadamu anavyoweza kuwa salama. Lakini visipounganishwa, umeme uliojaa upande mmoja hutafuta njia ya kwenda upande wa pili. Waya wa antena unaingia kwenye redio, redio imeungwa kwenye pawa saplai, na pawa saplai imeungwa kwenye chuma cha jenereta. Njia ilikuwa hiyo hiyo tu, shemeji, kupitia mezani kwenu, na mkono wa Evarist ulikuwa juu yake. Bora tusingepigilia vyuma kabisa kuliko kupigilia viwili na kuviacha mbalimbali.

Siku ile ya Agosti Evarist alichimba mtaro mwenyewe, hatua saba, jua likimchoma. Mimi nilikuwa nimekaa na ule waya magotini. Mita sita za shaba safi iliyosukwa kama ukili wa mkeka. Katika maisha yangu ya kuchomelea mabaki ya redio za watu sikuwahi kushika kitu kama kile. Nyumbani kwangu Nsemulwa stesheni yangu niliiunga kwa waya wa kufungia mabati. Nikaona wivu. Nilimwona Evarist ana leseni ya redio, ana marafiki Ndola na hata Ulaya, ana waya, na mimi niliyemfundisha kila kitu sina. Ulipomwita ndani kunywa uji, na wewe ukanikaribisha, nikasema namalizia. Nilikata vipande viwili vya urefu wa mkono. Kimoja nilikifunga kwenye chuma cha mlingoti, kingine kwenye chuma cha jenereta, nikaviinamisha viingie ardhini ili mtu akiangalia aone vimezama. Waya mwingine wote nikauzungusha tumboni chini ya shati. Kisha nikafukia mtaro mtupu na kuukanyaga kwa miguu yote miwili.

Mtoto wa Machibya alikuwa amesimama na kibuyu cha maziwa. Sijui aliona nini. Ndiyo maana niliuliza.

Nilijiambia nitarudi wiki inayofuata na waya wa kawaida. Wiki inayofuata nikapata kazi hii ya Tabora. Kila Jumapili niliyorudi Nsemulwa, Evarist aliponiita hewani na kusema sauti yangu inaingia vizuri siku hizi, nilijibu kwa kichekesho. Sauti ilikuwa inaingia vizuri kwa sababu ya waya wake.

Barua yangu ya mwezi uliopita nilikuandikia nikijua yote haya. Nilikuuliza habari ya kuchomoa waya na chumvi ili kosa liwe lenu. Na ile sentensi ambayo mzee Stanslaus ameikata kwa mkasi niliitunga makusudi, nikijua itasomwa namna gani. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi niliitembea nikitumaini itanifikisha.

Machibya hajafanya lolote. Maksai wale ni mimi niliyewakata. Soma barua hii mkutanoni yote, usiruke kitu. Wakisema nishtakiwe, nishtakiwe.

Sylvanus


Kabungu,
18 Desemba 1996

Sylvanus,

Simu yako haikufika kwa wakati. Imekuja leo, nimeitia motoni. Barua ilifika Jumamosi asubuhi, kwa baiskeli ya mtu kutoka Majengo.

Niliisoma jikoni. Nilipomaliza niliikunja na kuitia chini ya debe la unga, na Jumamosi yote nikasonga ugali na kufua na kumgeuza mume wangu, barua ikiwa pale. Utadhani nilikuwa nakuhurumia. Hapana. Nilikuwa najihurumia mimi.

Nilikudanganya. Nilikuandikia kwamba hakukuwa na dalili ya mvua. Mawingu yalikuwepo tangu saa nane, meusi, upande wa Karema, na ngurumo tuliisikia mara mbili. Evarist alisimama kwenda kuchomoa waya wa antena. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye kwa sababu mama yangu ni mgonjwa huko Karema na padre wa kule alikuwa amesema atatafuta habari zake na kutuita hewani. Nikamshika Evarist shati. Nikamwambia, "Dakika moja tu, mume wangu, huenda anaita sasa." Akakaa. Alikaa kwa ajili yangu. Sikuhesabu kama ilifika dakika.

Kwa hiyo wenzangu waliposema ni Machibya nilipumua. Nilitaka sana awe Machibya. Barua yako iliponiondolea Machibya, nilibaki peke yangu na ile dakika, na nikaona afadhali ikae chini ya debe.

Jumapili nilikwenda nayo mkutanoni. Ningependa kusema nilikwenda kwa ujasiri. Nilikwenda kwa sababu Evarist aliniona nikiitoa barua chini ya debe, akanyoosha mkono wa kushoto, akaisoma. Alichukua muda mrefu. Kisha akasema neno moja, "Peleka."

Nikasimama mbele ya watu wote nikaisoma, nayo ni ndefu, na pale kwenye shati lako watu walianza kunung'unika. Unajua walisema nini nilipomaliza? Walisema Machibya amekuhonga ng'ombe. Mzee Stanslaus alitoa faili lake, akasoma kile kipande alichokata, akauliza fundi ni yupi, wa karatasi hii au wa karatasi ile.

Machibya alikuwa amekaa nyuma na familia yake, mizigo yao imefungwa tayari. Alisimama akaomba jembe. Hakuna aliyempa, akaenda kulichukua kwenye mzigo wake mwenyewe. Akaja mpaka kwetu, mkutano wote ukamfuata, akaanza kuchimba kuanzia mlingotini. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyemzuia. Kipande cha kwanza cha shaba kilikwisha baada ya urefu wa mkono. Akaendelea. Hatua saba zote alichimba, mawe na mizizi, mpaka akakuta kipande cha pili kwenye kibanda cha jenereta. Akaving'oa vyote viwili, akavishika kimoja kila mkono, akavielekeza kwa watu. Kati ya kimoja na kingine kulikuwa na yeye tu.

Akasema, "Mmenihukumu kwa waya ambao haukuwepo."

Ndipo yule mtoto wake alipoongea. Alisema alimwona fundi akivaa waya. Mwezi Agosti alimwambia baba yake, na baba yake akamwambia mambo ya walimu na mafundi si yetu, tusije tukaitwa wachochezi. Machibya alikuwa anajua, Sylvanus, au alikuwa karibu kujua, na hakusema kwa sababu alijua neno lake halingepokelewa. Na asubuhi ile alisimama chini ya mlingoti akimngoja Evarist atoke, apate kumwomba radhi ya karanga, na amwombe amtumie salamu kwa redio kaka yake huko Kahama. Alisubiri mpaka akaona aibu, akaondoka.

Mzee Stanslaus amefunga faili. Machibya hafukuzwi. Hakuna aliyemlipa maksai, na walioila ile nyama sasa wanapita njia ya mbali ili wasikutane naye. Kama atabaki baada ya mavuno hajasema.

Habari ya dakika yangu sikuisema mkutanoni. Nilisoma dhambi yako kwa sauti kubwa mbele ya kijiji kizima, nikakaa chini na yangu. Evarist anaijua na hajawahi kuitaja, hata siku moja. Afadhali angenifokea. Jana nilikwenda kwa Sikujua nikamwambia, yeye peke yake. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kama mama yangu amepona.

Usiniite shemeji kwa sasa.

Pudensiana


Tabora,
30 Desemba 1996

Mama Pudensiana,

Nilikwenda Nsemulwa Krismasi. Nimeivunja stesheni yangu. Waya nimeung'oa, nimeufuta kutu, uko kwenye mfuko wa salfeti. Nimenunua na vipande viwili vipya vya kuungia ncha.

Nilikuwa kilomita chache tu kutoka kwenu na sikuweza kuja. Nilifika mpaka mahali pa kukodi baiskeli, nikainamia moja kama naikagua matairi, nikarudi. Mvua zimeanza kweli na najua mlingoti bado umesimama pale. Nitamkabidhi Eustace mfuko huu, auache dukani Majengo. Kazi yenyewe fundi yeyote anaweza kuifanya, nitaandika maelekezo. Nadhani hamtataka kuniona.

Habari za maksai: nina redio mbili nzima na baiskeli. Nitaviuza, nimpelekee Machibya. Najua havitoshi.

Mwambie Evarist sijui nimwambie nini.

Sylvanus


Kabungu
11 Januari 1997

Sylvanus

Naandika kwa kushoto. Vumilia mwandiko. Watoto wa darasa la kwanza wananicheka.

Waya usimpe Eustace. Ulete mwenyewe.

Sijakusamehe. Nataka ulijue hilo kabla hujapanda treni, usije ukadhani nimekuitia chai. Machibya naye hajatusamehe, wewe na mimi. Mimi ndiye niliyesema kazi yako haina tundu. Nilisema hivyo kwa majivuno, kwa sababu ulikuwa fundi wangu.

Mlingoti tumeulaza chini mpaka uje. Nilimwomba Machibya anisaidie kuulaza, akaja. Alipomaliza Pudensiana alimpa maji, akanywa.

Mtaro bado uko wazi. Mvua inaujaza, mtoto wa Machibya anakuja kuyachota maji kwa kopo. Majirani walitaka kuufukia wasije wakavunjika miguu, Machibya akakataa. Amesema wewe utalaza waya yeye akiwa amesimama hapo, kutoka chuma hadi chuma, na hutagusa jembe.

Kufukia atafukia yeye.

Evarist